Gari la Kumleta Mama Hunhukwe

Hunhukwe, 3 Juni 2007

Mwanangu Othusitse amenunua gari! Tena si la kuazima, ni lake mwenyewe, jeupe, refu, limekaa juu ya chesisi ya lori, mpaka uinue goti ndipo uingie! Haya sasa, hujambo mdogo wangu? Mama hajambo? Nyonga yake inaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima, na hata tungekuwa wagonjwa gari hili lingetuponya.

Nilimwambia Othusitse ajaze upepo matairi yote mpaka basi, gari lisimame kwa heshima. Jirani yangu Mma-Seabe akatoka na mwiko mkononi. "Mma-Othusitse, hilo ni la serikali?" Nikamjibu, "Ni la tumbo langu hili." Akarudi ndani, uji umeshaungua.

Sasa nisikilize. Mama yuko kwako Kanye tangu alipovunjika nyonga, huu mwaka wa tatu. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na cha kumfuatia. Sasa ninacho. Othusitse anaoa Septemba, na Mama atakuja kwenye harusi ya mjukuu wake ndani ya gari la mjukuu wake, kisha atabaki kwangu. Kijana anakuja huko wiki ijayo. Mpandishe Mama alionje.

Dada yako

Kanye, 19 Juni 2007

Shikamoo dada. Sisi wazima, isipokuwa Mama, na kilichomuumiza ni gari lako.

Othusitse alikuja, kijana mwenye adabu, Mungu amweke. Akampeleka Mama kliniki na kumrudisha. Njia ile unaijua, mashimo matupu. Gari linaruka kila shimo kama ndama aliyefunguliwa. Kwenye kona ya mteremko likalala upande, Mama akaning'inia kwenye mpini wa juu kwa mikono miwili. Nyumbani akanywa vikombe viwili vya chai. Kisha akasema, "Mwambie dada yako mimi si gunia."

Na kwa kuwa umeanza wewe habari za magari: mwanangu Boikobo naye alinunua lake mwezi uliopita. Sikutaka kujisifu. Si refu kama lenu, ni bodi ya gari dogo iliyoinuliwa kidogo tu, unakaa kama unavyokaa kwenye kiti cha nyumbani. Kona linazishika, wala huhisi. Tulikwenda nalo Jwaneng, Mama akalala njia nzima ya kurudi, tukamwamsha mlangoni. Amesema harusini atakuja na Boikobo au haji. Na harusi ikiisha anarudi kwenye kitanda chake, huku.

Mdogo wako

Hunhukwe, 2 Julai 2007

Mwezi uliopita! Na hukuniambia! Ulikuwa unangoja nifurahi kwanza ndipo unimwagie maji? Msalimie Mama, msalimie Boikobo, na wewe pia nakusalimu, kwa shida.

Mama umemhonga kwa viti laini. Hicho kigari kinatembea vizuri kwa sababu kimezoea lami. Lami inaishia Hukuntsi, mdogo wangu. Kutoka hapo ni mchanga mpaka mlangoni kwangu, na tumbo la gari lenu liko chini kama la nguruwe mwenye mimba. Siku ya kuchagua ng'ombe wa mahari njooni nalo, tulione. Nitakaanga maandazi yetu ya magwinya. Msipofika nitayala na Mma-Seabe.

Dada yako mkubwa (hilo la mkubwa usilisahau)

Kanye, 8 Agosti 2007

Shikamoo dada. Tulifika nyumbani salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya hasira.

Ndiyo, tulikwama. Ndiyo, gari la Boikobo lilikalia tumbo, matairi yakazunguka bure. Lakini dada, kupiga vigelegele! Othusitse anafunga kamba atuvute, Boikobo analia kwenye usukani, na wewe umekuja na mkokoteni wa punda wa Mma-Seabe kutazama! Mtu angedhani bibi harusi ni mimi.

Naandika kwa sababu kuna jambo hukuliona, maana ulirudi na mkokoteni wako ukicheka. Othusitse alimwomba Mama ahamie gari lake. Mama akasema, "Niacheni hapa hapa niote majani." Tukambembeleza mpaka akapanda. Nyuma kulikuwa na magunia ya mtama wa pombe ya harusi, na kijana alikuwa amepunguza upepo wa matairi ili lisizame. Dada, Mama alilala. Mdomo wazi.

Nikamuuliza Othusitse, je, ni gari lile lile? Akasema, "Mama mdogo, springi za nyuma ni za kubebea mzigo, likiwa tupu linarusha watu. Na ule upepo wa Kanye ilikuwa amri ya mama yangu." Kumbe bibi yake anasikia. Akasema bila kufungua macho, "Binti yangu alitaka gari lisimame. Mimi nilitaka kukaa."

Hata hivyo, kwa njia ndefu ya lami simpandishi kwenye gari lako, litamyumbisha mpaka tufike mji wa Kang. Na sikufichi: nikifikiria abaki kwako naona wivu.

Mdogo wako

Hunhukwe, 1 Septemba 2007

Mdogo wangu, salamu nyingi. Sijambo, ila hasira nimezimeza na zimenikaa tumboni.

Upepo umetolewa. Gari limelegea, limeshuka, heshima yote imekwisha. Mma-Seabe ameuliza kwa sauti mpaka kwa chifu wasikie, "Mma-Othusitse, mna pancha zote nne?" Nikamwambia, "Mama yangu ndivyo anavyopenda."

Boikobo amlete kwa lami, alale. Lami ni yenu, nimekubali, na nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Lami inapoishia, gari lenu liacheni Hukuntsi kwa binamu yetu, sitaki kupiga vigelegele mara mbili, ingawa sauti ninayo. Mimi na Othusitse tutakuwa pale na magunia nyuma. Kiti cha mbele ni cha Mama, wewe na Boikobo mtakaa na mimi katikati, tubanane.

Wewe umesema wivu. Je, mimi? Kila asubuhi wewe unammiminia Mama chai, mimi namsalimu kwa karatasi. Niachie mpaka mvua zianze. Kisha Boikobo amchukue pale pale lami inapoanzia, nami nitampeleka mwenyewe, polepole, bila upepo.

Harusi ni Jumamosi, lakini msije Jumamosi kama wageni. Nawangoja nyote Ijumaa, tarehe 21 Septemba.

Dada yako