Kamera Isiyo na Kioo

Jumatatu, 3 Juni

Z ilikuwepo!

Fundi wa matairi amemtumia mhariri picha ya bango lake. Inasomeka bila shida: TUNAZIBA PANCHA. Mimi jana nimemwandika gazetini kwamba ametangaza TUNAIBA PANCHA. Safu nzima nimemcheka — mwizi mwaminifu, mwizi anayetoa risiti. Kumbe jua lilimulika bango, na kwenye picha ya simu yangu ile Z ikafutika.

Mhariri amecheka mpaka akakohoa. Anasema tuombe radhi, mistari miwili tu. Nimekataa. Nikasema kilichokosea ni chombo, si jicho langu. Nilisema kwa sauti kubwa. Nikipaza sauti hivyo huwa najijua kuwa sina hakika.

Basi ninunue kamera. Kitabu changu cha mabango yaliyokosewa hakiwezi kupigwa picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Miaka yote hii nakusanya makosa ya watu, na sasa la kwangu ndilo linalozunguka mjini.

Jumanne, 4 Juni

Mume wangu anasema nisome kwanza, kuna kamera za aina mbili. Nimemwambia nimesoma falsafa, nimesoma sheria, nimesoma mpaka vitabu vya wapinzani wangu. Kamera ndiyo initoe jasho? Akasema, "Haya. Basi muulize dada, anaziuza." Akarudi kwenye chai yake. Mtu huyu hagombani. Inachosha kuishi na mtu asiyegombana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda dukani kwa wifi. Hata sijakanyaga vizuri ndani, kelele: "Jamani, ficheni mabango yenu, wifi yangu huyo! Wifi, umekuja kununua au kunisahihisha?" Wateja wakageuka. Nikamjibu nitafanya yote mawili kwa bei moja. Tumezoeana hivyo. Tangu nilipoolewa na kaka yake hatujawahi kusalimiana bila kutaniana.

Akaniwekea kamera mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza kubwa, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Inajaa mkononi. Unachungulia kwenye kitundu na kuona mtaa kama ulivyo, kwa mwanga wake wenyewe. Ukibonyeza — kla! Mlio wa mamlaka. Betri yake, anasema, unasafiri nayo unarudi haijaisha.

Ya pili ndogo. Inaingia mkobani. Unachungulia na kuona kama runinga ndogo sana. Ukiongeza mwanga, unaongezeka palepale kabla hujapiga. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikidhani imegoma. Kumbe imeshapiga zote mbili, moja ni ya kidole changu.

Wifi anasema Maktaba Kuu wanazitaka hizi ndogo, kwa ajili ya kupiga picha kurasa za vitabu vya kale. Hazisumbui wasomaji. Ameshaagiza, maboksi yamejaa stoo. Hajawahi kupata oda kubwa hivyo tangu afungue duka. Alinong'ona, naye si mtu wa kunong'ona.

Ndipo nikaona vikaratasi kwenye rafu, kwa mwandiko wake. Chini ya ile kubwa: KAMERA YENYE KIOO. Chini ya ile ndogo: KAMERA ISIYO NA KIOO.

Haina kioo! Nimeishika mkononi, nyuma yake kioo kipana kinanimulika usoni! Nikamwambia. Akaanza, "Wifi, kioo ninachosema mimi —" Nikamkata. Nikasema, "Usinifundishe Kiswahili." Nikainua kamera juu kuwaonyesha wateja: jamani, hiki ni nini, sufuria? Wakacheka. Wifi naye akacheka. Halafu akaichukua kamera mkononi mwangu, akaifuta alama za vidole, akairudisha kwenye boksi lake.

Nimetoka bila kununua. Lakini vikaratasi nimevipiga picha.

Jumamosi, 8 Juni

Makala imejiandika yenyewe. "Mwenye Macho Haambiwi Tazama." Wafanyabiashara wanaouza kitu na kukikana kwa maandishi. Ama wanadanganya, ama hawajui wanachouza. Nimeandika: kamera inayotangazwa kuwa pungufu, nani ataiamini? Na ile ya sufuria nimeiweka: jicho linaona kioo, karatasi inasema sufuria. Duka sikulitaja. Picha nimeikata, umebaki mwandiko tu.

Tamu. Nimeisoma mara mbili kwa sauti jikoni.

Jumapili, 9 Juni

Simu haijapoa tangu asubuhi. "Umewanyoosha!" "Mama wa lugha!" Mwalimu mmoja ataitumia darasani.

Mume wangu ameisoma mpaka mwisho. Akalikunja gazeti.

"Hukumtaja jina."

"Sikumtaja."

"Hapa mjini maduka ya kamera ni mangapi?"

Hakungoja jibu. Ni moja.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jioni mume wangu ameazima kamera kazini kwao, kubwa, ya aina ile ya kwanza. Akaiweka mezani. Akaizungusha lenzi, akaing'oa. "Chungulia humo." Nikachungulia. Nikaona tundu la pua yangu.

Kioo. Kioo cha kujitazamia, kidogo kama stempu, kimeinamishwa ndani. "Picha inapita hapa ndipo ifike jichoni kwako," akasema. "Ukibonyeza kinanyanyuka kupisha mwanga. Ile kla ni yake. Zile ndogo hawakukiweka, hazikihitaji. Kwa hiyo dada aliandika haina kioo."

Akasubiri. Nikachungulia tena. Bado kimo.

"Alitaka kukwambia," akasema. Akairudisha lenzi taratibu, akaenda kuoga.

Na kinachoniuma zaidi: zamani watu walisema "skrini". Nani aliyewafokea gazetini, juma baada ya juma, kwamba tunalo neno letu, tuseme kioo? Ni mimi. Neno lilikuwa limetulia kwenye kazi zake, nikalibebesha moja zaidi. Kisha nikamcheka mtu aliyelitumia kwa kazi yake ya kwanza, ya asili, isiyo na kosa! Wifi aliandika Kiswahili safi. Bango pekee mjini ambalo sikupaswa kuligusa.

Nimeoga na mimi. Uso bado una moto.

Jumatano, 12 Juni

Maktaba wameahirisha oda. Kamati yao inataka kwanza "kujiridhisha juu ya upungufu uliotajwa gazetini". Upungufu. Neno langu hilo.

Wifi amempigia kaka yake. Nilikuwa chumba cha pili na mlango haukufungwa. Hakutukana. Laiti angetukana. Alisema maboksi hayarudishwi yalikotoka, na kwamba mtu wa maktaba alimuuliza kama anajua anachouza. Halafu: "Mwambie mkeo asante." Mkeo! Tangu lini mimi ni mkeo kwake? Siku zote ni wifi. Hata tukinuniana ni "yule wifi".

Nimekaa kuandika masahihisho. La kwanza lilitoka kurasa tatu. Nikalisoma: nimewashambulia waunda kamera, nimeishambulia Kamati ya maktaba kwa kusoma haraka haraka, na neno "nilikosea" halimo. Nikachana. La pili likaanza, "Lugha yetu inakabiliwa na tatizo la maneno kubeba maana nyingi…" Nikachana. Yaani hata kutubu natubu kwa kushambulia.

Mhariri kwa simu: makala ile imesomwa kuliko zote mwaka huu, kwa nini tujichafue? Nikisisitiza atanipa mistari miwili, ukurasa wa matangazo madogo, kati ya nyumba za kupanga na magari yaliyotumika. Samahani ya mistari miwili. Ile niliyomnyima fundi wa matairi.

Nikasema ngoja nifikirie. Nifikirie nini? Woga tu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda dukani. Nilizunguka jengo kwanza kama mdaiwa.

"Karibu, mteja," akasema wifi.

Mteja. Alilisema kwa adabu kamili, mikono juu ya kaunta, tabasamu la wageni. Vikaratasi havipo tena kwenye rafu. Amebandika karatasi zilizochapwa, majina ya kampuni na tarakimu tu. Hakuna hata neno moja la Kiswahili. Hilo nimelifanya mimi, mtetezi wa Kiswahili.

Nikaanza kueleza. Neno kioo, asili yake, jinsi matumizi yalivyopanuka —

"Mteja, unanunua?"

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Aa. Nilidhani umekuja kunieleza vile ulivyokuwa na haki ya kukosea."

 Redio iliendelea kuimba, nayo siku zote sisi wawili tukiwa humo huzimwa. Akapanga betri kwenye droo, akazipangua. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Kamati ya maktaba inakaa Jumanne. Makala sitaki. Ya kuandika unayaweza, tumeona. Nataka uje na mdomo. Useme 'nilikosea'. Basi. Usiwape historia ya neno. Usiwachekeshe. Wewe ukishachekesha watu, mwenzio ndiye anayechekwa."

Nikasema nitakuja.

"Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Kwa sauti kubwa.

Jumanne, 18 Juni

Ukumbi wa mbele wa Maktaba Kuu. Benchi la mbao. Naandika hapa hapa kwa sababu kalamu inanituliza.

Wifi yuko pembeni yangu. Kamera mbili mapajani, amezifunika kwa kitambaa kama watoto waliolala. Amevaa vizuri mno. Kucha amezing'ata. Hatujaongea ila aliponiuliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo. Uongo.

Nimejizoeza njiani. Nilikosea. Silabi tano. Nimeisema kwenye kila taa ya barabarani, na kila mara mdomo unataka kuongeza "lakini".

Mlango umefunguliwa. Katibu wa Kamati ametoka, kijana wa miwani, na makala yangu mkononi — wameitoa nakala kwa kila mjumbe, mistari mingine imepigwa kalamu ya njano. Amenifuata mimi. Ameninyooshea mikono miwili.

"Mama, hatukutegemea uje mwenyewe! Wajumbe wamefurahi kweli. Mwenyekiti anasema sentensi ile ya jicho na sufuria angeiweka kwenye fremu. Karibu ndani, kiti chako kiko karibu naye." Kisha, kwa wifi, kwa sauti nyingine kabisa: "Muuzaji utasubiri hapa. Tutakuita tukikuhitaji."

Nikasema tumekuja pamoja. Akasema ndiyo, ndiyo, utaratibu tu, mama. Amerudi ndani kuongeza kikombe. Ameacha mlango wazi kidogo. Mtu anaisoma makala yangu kwa sauti, anaisoma vizuri, anajua mahali pa kupumzika, na wengine wanacheka palepale nilipotaka wacheke.

Nimetabasamu.

Lilikuja lenyewe, kabla sijalikamata. Nimegeuka, na wifi alikuwa ananitazama.  Ametoa ile kamera ndogo chini ya kitambaa, ameniwekea kwenye kiganja, amenifumba vidole juu yake kimoja kimoja.

"Nenda," amesema. "Useme kabla hawajakupa chai."

Katibu ananiita tena. Wamenyanyuka wote, nawaona kwenye ule upenyo, wanapiga makofi —