Nyumba za Watalii za Winnie

Bernadeta, epua hicho chungu usome.

Winnie katua Mwanza leo kutoka Sweden, akaenda moja kwa moja ziwani kuona nyumba zake za watalii. Hela zote alizopata huko kwa kuogesha wazee wa watu alimtumia mdogo wake Yeremia azijenge.

Hakuna nyumba. ZIZI! Ng'ombe wananyea mpaka majini!

Yeremia bila haya: "Dada, watalii wasipokuja utakula nini? Ng'ombe anazaa."

Ng'ombe anazaa! Kamwambia usoni!

Mama yao naye eti anampoza: "Usikasirike mwanangu, lile jike kubwa tumeliita kwa jina lako."

Winnie hakulia. Akamkazia macho Yeremia: "Basi huyo Winnie atangulie mnadani. Wenzake wamfuate leo leo."