Bamba la Mgongoni na Kilo Nne za Risasi

Maskati, Jumatano

Kaka Deusi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu mwaka huu umefanya lolote la kustahili. Habari za afya yako nazipata kwa watu wengine, maana namba yangu umeifungia. Nasikia masikio yameacha kuuma na pua imeacha kutoa damu. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa naandika nikiwa na hasira. Mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula, na joto la huku bado halijaniua.

Barua hii anakuletea Yustina, yule binti wa Mbuji anayelea watoto wa tajiri mmoja mtaa wa pili. Anakwenda kwao likizo kuwahi kuchuma kahawa, na ameniapia kwamba akishafika Mbinga atateremka mpaka Lundo akukabidhi mkononi. Ukitaka kuichana, ichane. Nitampa nakala nyingine ampe wifi Anjela, kwa hiyo itasomwa tu.

Sasa tuongee. Nimesikia ulichosema kwenye jumuiya, mama na majirani wakiwa bado wameshika rozari. Umesema mdogo wako Skolastika amekutumia chuma cha kukuzamisha ili arithi kiwanja cha baba cha ufukweni. Mimi, kaka? Kiwanja ambacho nusu yake ni mawe, na nusu nyingine ziwa hulichukua kila masika? Kama ningetaka kuua mtu kwa ajili ya ardhi ningetafuta ardhi yenye maana. Na nasikia watu waliguna, wengine wakasema wazi kwamba watu wa Uarabuni hurudi na mambo ya giza, na mama alinyamaza. Huko kunyamaza kwake kumeniuma kuliko maneno yako.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzamia, sijasahau. Nilikuwa msichana peke yangu kwenye boti ya wavuvi wa samaki wa mapambo, wale mbuna wa rangi wanaosafirishwa ndani ya mifuko ya maji kwenda kukaa kwenye vioo vya watu wa mbali. Wanaume walisema mwanamke akiingia ziwani samaki hujificha. Ukawaambia, "Huyu ni mdogo wangu, anayemkataa anikatae na mimi." Kwa hiyo usidhani naandika kwa mtu nisiyemjua. Naandika kwa mtu ninayemjua sana, na ndiyo maana hasira yangu haina adabu.

Jaketi lako la kuzamia nalijua kuliko unavyolijua wewe. Mshono wa bega la kushoto niliuziba mimi kwa gundi ya tyubu za baiskeli, na gundi ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kile kitufe cha kuingiza hewa hunasa. Ukikibonyeza kinabaki ndani, jaketi linaendelea kujaa lenyewe na kukuvuta juu utake usitake. Siku likikuvuta hivyo kutoka kule chini kwenye mawe makubwa, mapafu yako yatapasuka kabla kichwa hakijatokeza. Mara ngapi nimekuambia? Na kila mara jibu lako ni hilo hilo: "Nimelizoea." Mazoea yana taabu, kaka, na wewe umeyafanya dini.

Ndiyo maana nilikutumia vile vitu: bamba la chuma la kuvaa mgongoni, mikanda yake, na ule mfuko wa hewa unaokaa nyuma yake, ambao sisi huku tunauita bawa. Usidhani nilikutumia kitu nisichokijaribu. Mwaka jana mkuu wetu wa wazamiaji, Mfilipino mmoja asiyejua kucheka, alikusanya majaketi yetu yote asubuhi moja akatugawia mabamba. Nilimchukia siku hiyo. Mikanda ilinichuna mabega. Jaketi hukukumbatia mwili mzima, ukilipuliza juu ya maji linakusimamisha wima kama mtoto aliyebebwa. Bawa halina habari na wewe. Hewa yote iko mgongoni, na usipojua kulalia nyuma linakusukuma uso ndani ya maji. Nilikunywa chumvi mbele ya wanawake sita wa Kiarabu waliokuwa wamenilipa niwaongoze. Mmoja aliuliza kama mimi kweli ndiye mwalimu. Jioni ile nililia chooni kwa hasira, nikaandaa maneno ya kuacha kazi.

Sikuacha kwa sababu nina nyumba ya mama ya kumalizia kuezeka. Na wiki ya tatu nikaelewa. Nililala kifudifudi juu ya mchanga, sikuzama wala sikupanda, miguu haikutimua kitu, na samaki walinipita usoni bila kushtuka. Mbavu zilikuwa huru. Nikakuwaza wewe pale pale, kaka. Jaketi lako linakusimamisha wima, miguu inatifua tope, mbuna wanaingia kwenye mapango yao, na wewe unarudi juu na chandarua kitupu ukilaani ziwa. Nikasema nitamtafutia Deusi hili bamba hata kwa kufunga mdomo nisile. Nimefunga mdomo kweli, miezi.

Na wewe ukafanya nini? Siku ya kwanza tu ukajitupa kutoka kwenye boti ukiwa na chuma mgongoni na risasi zako zote, yale madini mazito ya kukuzamisha, kiunoni kama zamani. Nilikuandikia kadi, nikaiweka juu kabisa ya boksi ili uione kabla ya kitu kingine, nikakuambia upunguze risasi kwa sababu bamba lenyewe ni zito. Hukusoma. Wewe huwezi kuagizwa na mtu uliyemfunga nepi. Ukazama mpaka masikio yakalia, ukahangaika kupanda, ulipofika juu bawa likakulaza uso majini, ukafungua mkanda wa risasi ukauachia ziwa. Ukatoka hapo ukaenda kuniita muuaji. Na nasikia bamba sasa ni mlango wa banda la kuku, na wewe umerudi kwenye jaketi lako.

Kichwa chako ni kigumu kuliko hicho chuma. Nakuambia mbele ya Mungu, ukifa ndani ya jaketi hilo sitakuja kukuzika.

Jumapili

Kaka, barua hii niliiacha siku nne. Ninaendelea kwenye karatasi nyingine, na zile za juu sikuzichana. Nimezitoa nakala hivyo hivyo, uzisome ujue nilivyokuwa nakuwazia.

Siku ya Alhamisi nilimwandikia wifi kwenye simu. Nilimwuliza kwa ukali kama unajua kusoma. Tafadhali usimsumbue kwa kunijibu, nilimlazimisha. Akanijibu: "Wifi, usimwonee mwenzio. Kadi aliisoma. Nilimwona kwa macho yangu anatoa risasi, anasoma, anatoa tena. Nahodha akamcheka, akamwambia, 'Deusi, leo unaongozwa na mdogo wako?' Naye akasema, 'Huyo kashanipita, anajua.'"

Halafu akanitumia picha ya ile kadi. Umeichomeka kwenye fremu ya kioo, sijui kwa nini hujaichoma moto. Mwandiko ni wangu. "Kaka, ukivaa bamba, vaa risasi kilo nne tu." Na wifi anasema ulivaa nne. Hukuongeza hata gramu moja.

Kilo nne ndizo ninazovaa mimi hapa, baharini. Maji ya chumvi humbeba mtu, yale ya ziwani hayabebi hivyo. Wala usifikiri sikulijua hili. Kila Jumanne nafundisha wanafunzi wapya kwenye bwawa la kuogelea, maji ya bomba yasiyo na chumvi, na kabla ya kuingia natoa risasi kwenye mkanda bila hata kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mikono inajua. Nilipokaa kukuandikia kadi, mikono ilikuwa imeshika kalamu, na kichwani nilikuwa naona bahari ya huku. Ziwa nililozaliwa kando yake nilikuwa nimelisahau.

Jana niliomba ufunguo wa bwawa. Nikavaa suti ya kuzamia nzito kama yako, bamba, bawa lisilo na hewa, na kilo nne. Sikuzama polepole. Nilikwenda mpaka chini nikakaa kwenye vigae, na nilipojaribu kupanda kwa miguu tu sikuweza. Pale ni mita nne, kuna taa, kuna ngazi, na mlinzi alikuwa anakula pembeni. Nikapulizia bawa, nikapanda, risasi zikanivuta mbele na hewa ikanisukuma kwa nyuma, nikanywa maji nikiwa mwalimu wa miaka mitatu. Wewe chini yako kulikuwa na giza.

Nilikaa chini ya maji yale nikifikiria kitu kimoja. Tangu nizaliwe hujawahi kunisikiliza, kaka. Siku uliyonisikiliza ni hiyo.

Kwa kilo nne naomba radhi. Nimekosa mimi, si bamba wala wewe. Nimemwandikia mama karatasi yake peke yake nikimweleza hivyo hivyo, na nakuomba uiruhusu isomwe kwenye jumuiya, watu wale wale wakiwepo. Lakini kwa habari ya kiwanja na mambo ya Uarabuni sikuombi chochote, na wala sijakusamehe. Hilo ni lako. Ungeweza kusema Skola kakosea hesabu. Ulichagua kusema Skola ni muuaji.

Sasa sikiliza, na safari hii usiniamini, jaribu mwenyewe kwanza. Toa bamba kwenye banda la kuku, sugua kinyesi cha kuku, angalia kama mikanda haijadonolewa. Usianzie kwenye boti. Ingia kwa miguu kutoka ufukweni, maji yakufike kifuani, ukiwa na risasi kilo moja tu. Wewe una mwili mkubwa kuliko mimi. Ukiona unaelea, ongeza nusu, upime tena. Risasi isogeze nyuma, karibu na mtungi wa hewa, isikae tumboni. Bawa likishika hewa juu ya maji, lalia mgongo kama unayelala kitandani, usipigane nalo. Fanya hivyo siku tatu kabla hujamwambia mnunuzi wako kwamba uko tayari. Akikukimbiza, mwambie aingie yeye.

Na jaketi lile likate. Usiligawe, wala usiliweke darini, maana nakujua utalishusha siku moja ukiwa na haraka. Wifi Anjela, najua unasoma nakala yako. Akishindwa yeye, chukua kisu cha kupasulia samaki, anza na bega la kushoto, pale penye gundi yangu.

Nisalimie mama. Mwambie nimesikia alinyamaza, na siku akiwa na la kuniambia simu yangu iko wazi. Msalimie shangazi mkubwa wa Tingi, ambaye nasikia peke yake ndiye aliyesimama kunitetea akakaripiwa. Mwambie vitenge vyake viko kwa Yustina. Wabusu watoto wako wawili, na kama umewakataza kuniita shangazi, wanong'oneze kwamba naitika tu.

Wewe moyo wako kama bado haujatulia, usijilazimishe. Endelea kunichukia hata miaka kumi. Lakini nichukie ukiwa hai.

Mimi mdogo wako,
Skolastika