Walii Aliyeko Doha

Doha, Machi 2015

Kwako kaka yangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Namuomba Mola barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wote waliomo nyumbani. Vipi mguu wako? Unapanda ngazi za msikiti bila ya kushikwa mkono? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake utaiona huku mbele.

Simu zangu hupokei tangu watu wa Zuberi walipokuja kumposa mwanangu Warda nawe ukawarudisha. Kwa hiyo nimeandika, na Saada anayerudi Wete kwa likizo amekubali kunibebea. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Bado namwendesha yule mwalimu wa Kimarekani, Bibi Louise. Kila asubuhi namtoa kwake Umm Salal kumpeleka chuoni, Al Rayyan. Hukaa kiti cha mbele, anakula sambusa, anazungumza. Anaandika kitabu juu ya babu wa babu yake, Bwana Ketrel, aliyekuwa mwanasheria na mwenye shamba kubwa la pamba huko Georgia, zama za utumwa. Kwa foleni za huku, kaka, maisha ya mzee yule nimeyamaliza yote.

Alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akajifunza sheria kwa kunakili makaratasi ya wakili mmoja mzee, akaoa mjane mwenye ardhi, akapata pamba na watumwa wa kuilima. Siku moja alimtetea mahakamani mwanamke aliyeachwa huru na bwana wake, ambaye warithi walitaka kumrudisha utumwani. Alisema maneno watu wakalia. Akashinda. Kisha akapanda farasi wake, akarudi kwake kwa watumwa wake mwenyewe. Nao aliwaahidi uhuru kila mwaka: mavuno yakiisha, binti akiolewa, mkewe akiridhia. Mkewe hakuridhia. Mpaka vita vikaja vikawatoa utumwani, yeye hajaweka saini. Uzeeni, umasikini ulipomkamata, ndio hao hao aliokuwa akiwaandikia mikataba yao, wakimlipa mayai ya kuku.

Bibi Louise akaniuliza kama na kwetu yalikuwepo mambo hayo. Nikamjibu sisi tulikuwa wakulima tu. Astaghfirullah! Nikimwambia hivyo, moyoni namuona Babu Harun wetu, wakili wa watu mbele ya kadhi, na mikarafuu yake kule Mtambwe, na waliokuwa wakiichuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kujivunia jina lake. Na kwa jina hilo hilo uliwaambia wazee wa Zuberi kwamba babu yao alinunuliwa na babu yetu, na kwamba kijana wao si kufu ya Warda, hawalingani kwa nasaba.

Nilikwenda kwa imamu wetu hapa, nikamuuliza bila ya kutaja majina. Akaniambia kufu ni haki ya binti na walii wake, yule mwenye kumuozesha. Wao wakiridhia, basi. Akaniuliza walii ni nani. Nikasema ni mimi. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza njia naye amesimama mlangoni.

Hata Roselyne, Mkenya anayetupikia, alinicheka. Akasema: mzee, kwani ni brathe yako anaolewa ama ni msichana? Nikamwambia hajui wewe ni nani kwangu. Baba alipokufa wewe ndiye uliyeacha shule ili mimi nifike darasa la saba. Sijapata kukukatalia neno. Roselyne akasema sawa, basi mwambie msichana angoje mpaka nyinyi wawili mzeeke vizuri.

Kaka, sikuweza kungoja. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilisimamisha gari nje ya geti la chuo, nikazungumza na sheikh kwa simu kule Unguja, mashahidi wawili wakisikia. Nilimwakilisha amuozeshe Warda kwa niaba yangu. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha nikamsikia Zuberi akisema amekubali. Warda ni mke wa mtu, kaka. Nimefanya mimi, na wewe hukujua.

Usimkasirikie yeye. Aliniomba nikwambie kwanza, nami nikaogopa kwamba ukiniambia hapana nitatii kama siku zote.

Mwisho wa mwezi huu watavuka kutoka Unguja waje Wete kukuamkia. Warda hataki kuingia nyumba nyingine kabla ya yako. Sijui utawakaribisha au utawaacha barazani majirani wakiwatazama, na hilo ndilo linaloniamsha.

Nisalimie shemeji na watoto, na uniombee dua hata kama umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Omari

Tafadhali nijibu upesi, kabla hawajapanda boti.