Koni ya Pembe Sita

Zwickau, 4 Agosti

Mwanangu Doreen,

Hamjambo huko Hagen? Mimi mzima, ila masikio hayaiwezi simu tena, ndiyo maana naandika.

Najua hatujasemezana tangu msiba wa mama yako, niliposema umetutoroka kwa kuhamia magharibi. Nilikosea. Merle anaanza shule mwezi huu, nami naomba nimtengenezee koni yake ya peremende, ile ya kadibodi anayobeba kila mtoto siku ya kwanza. Kwenye kiwanda cha zamani cha soksi wamefungua karakana ya wote: unalipia kadibodi tu, mashine unatumia bure. Naomba pia niilete mwenyewe, nimkabidhi mkononi. Ukikataa nitaelewa.

Baba yako,
Lothar

Hagen, 9 Agosti

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, na barua yako nimeisoma mara tatu. Njoo. Za dukani bei yake haishikiki, na Merle keshakataa zote kwa sababu hazina konokono. Anataka konokono watano, na jina lake lionekane toka mbali. Basi sinunui nyingine, tunakungoja wewe. Watoto wanaingia wiki ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi.

Ila huku koni ni za duara, usije ukatuletea yale majumba yenu ya pembe sita!

Mwanao,
Doreen

Zwickau, 19 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, vidole tu vimejaa gundi.

Pembe sita, tena ndefu kama ilivyokuwa yako. Ya duara ni ya kuwekea njugu! Bi Uhlig, msimamizi wa karakana, amenifundisha ile mashine inayokata mbao kwa mwanga. Konokono wa kwanza alitoka kama kiazi. Kina mama wa pale wakanicheka: “Lothar, huyo mjukuu wako anaanza shule au kilimo?” Sasa wako watano, na jina MERLE linasomeka toka ng'ambo ya barabara.

Tiketi ninayo, ile ya bei rahisi, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nitakuja shuleni moja kwa moja. Mwambie asiwe na wasiwasi.

Baba yako,
Lothar

Hagen, Alhamisi 28 Agosti

Baba,

Ulikuwa wapi?

Nilimwambia “Babu yuko njiani” mpaka kengele ikalia. Watoto ishirini na watatu wamepigwa picha, ishirini na wawili wamekumbatia koni zao. Merle alikunja mikono. Hakulia, afadhali angelia. Mwalimu alitaka kumwazima mfuko wa karatasi, Merle akasema, “Asante, yangu inakuja.”

Kama ulitaka kuniadhibu mimi, umempata mtoto. Kesho akitoka shule nampeleka kwa bibi yake mzaa baba, Münster, akasahau kidogo. Usiandike.

Doreen

Hagen, Jumamosi 30 Agosti

Mwanangu Doreen,

Naandika nikiwa kwenye ngazi zako, kwa kalamu ya jirani.

Nilifika shuleni saa nne kasoro, na suti yangu. Lango limefungwa. Nikadhani nimekosea shule. Akatokea mfagizi: “Mzee, watoto waliingia Alhamisi.” Nikamwambia, “Nani anaanza shule Alhamisi, bwana? Shule inaanza Jumamosi, ndugu wote wanakuja, watu wanakula keki!” Akanitazama kwa huruma. Hapo nikajua kwamba huku si kama kwetu.

Nimegonga kwako tangu saa tano. Treni yangu inaondoka saa kumi na moja, na tiketi hii haibadilishiki. Koni na barua hii namwachia jirani. Sijui Merle alibeba nini siku hiyo. Naogopa hata kuuliza.

Baba

Hagen, Jumatatu 1 Septemba

Baba, shikamoo.

Ile barua ya Alhamisi najua umeshaikuta mlangoni. Ningeweza kuirudisha ningeirudisha. Mimi mwenyewe nilianza shule Jumamosi, hukohuko Zwickau. Miaka kumi na minne huku imenisahaulisha, na sikukuandikia siku.

Koni tuliipata jana usiku. Merle amekataa kuifungua. Leo asubuhi nimemkuta mlangoni amevaa gauni la sherehe, ameikumbatia, macho tu ndiyo yanaonekana.

“Unaipeleka wapi?”

“Shuleni. Leo ndiyo naanza.”

“Ulishaanza Alhamisi, mwanangu.”

“Ile haihesabiki. Babu hakuwepo. Leo yuko wapi?”

Nimekaa naye kwenye ngazi. Saa mbili imepita, wenzake wako darasani, nami nakuandikia hapahapa, yeye bado ameikumbatia.

Mwanao,
Doreen