Viatu vya Kunyatia

Ujerumani,
mwezi wa kumi

Kwako kaka yangu Nyamweya,

Bwakire, kaka! Huku ni asubuhi ya baridi na nimejifunika shuka mabegani nikikuandikia. Habari za Keumbu? Mgongo wako, unaouinamisha juu ya viatu vya watu kutwa nzima, unaendeleaje? Na mama kule Nyamira, ameacha kuchuma chai kama daktari alivyomwambia, au bado anawatoroka kwenda shambani mkigeuka kidogo tu? Nakuandikia kwa Kiswahili ili wifi yangu wa Voi asome mwenyewe bila kungoja umtafsirie. Najua ukitafsiri unaruka pale patamu.

Mimi ni mzima. Si ule uzima wa kusema kwenye simu ili mama alale. Ni mzima kweli, na nina habari ambayo nimeshindwa kuisema kwa simu kwa sababu kila nikianza nacheka. Wewe fundi wa viatu ndiye utakayenielewa, kwa hiyo tulia, weka nyundo chini.

Unamkumbuka Anke, yule mwenzangu wa zamu hapa nyumba ya wazee, ambaye nilikutumia picha yake akiwa amefunga leso yangu? Yeye na rafiki zake wana mchezo wao. Wanavaa nguo za watu wa kale, wanaingia msituni, wanapiga mahema na kuishi kama watu wa zamani hizo. Kila mmoja anapewa mtu wa kuwa: huyu mfumaji, yule askari, mwingine mganga. Si filamu wala si tamthilia, kwa sababu hakuna mtazamaji hata mmoja. Wote wamo ndani ya hadithi, na hakuna ajuaye itaishaje. Panga zao ni za sifongo, mwambie mama asishtuke.

Siku moja Anke aliniambia, "Kemunto, mwaka huu kijiji chetu hakina mpelelezi. Njoo uwe wewe."

"Mpelelezi wa nini? Mimi naosha wazee."

"Unawaosha, lakini ukiingia chumbani hakuna anayeamka. Wengine wote tunakanyaga kama ng'ombe."

Nikacheka, lakini neno hilo lilinikaa. Kaka, nimeishi katika mji huu muda mrefu na watu ninaowajua ni wa kazini tu. Nikitoka kazini, narudi chumbani. Nikasema sawa, nitakuja. Nikamweleza kwamba Jumamosi ni Sabato na sichezi. Nilidhani hapo ndipo mambo yangeishia. Yeye akaenda kuzungumza na waandaaji, akarudi akitabasamu: hadithi imebadilishwa, siku ya Jumamosi mpelelezi atakuwa amesafiri nchi jirani. Hebu fikiria, watu wazima wamekaa wakasogeza vita kwa ajili ya Sabato yangu!

Nguo hazikuwa shida. Anke alinishonea gauni la sufu la rangi ya majani makavu. Kazi ilikuwa viatu. Kwanza lazima vionekane vya kale: bila zipu, bila jina la kampuni, bila kamba za kung'aa. Pili visitoe sauti hata kidogo. Tatu viweze kukimbia mlimani, kwenye tope na mawe yaliyolowa. Ukipata viwili kati ya hivyo, cha tatu kinakukimbia.

Anke alinipa buti za ngozi za binamu yake, zinazofika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nzuri mno, ungezishika ungesahau wateja. Ngozi laini, soli ya ngozi vilevile, kama walivyovaa watu wale. Nikatoka nazo kwenye nyasi zenye umande nyuma ya jengo, nikapiga hatua chache, nikajikuta nimelala chali natazama mawingu. Ile soli ilikuwa laini kama sabuni.

Nikajaribu buti zangu za kupandia milima. Hizo zilishika ardhi vizuri, lakini zililia nyii, nyii kila nikikunja mguu, na zina kamba nyekundu na maandishi yanayowaka gizani. Mtu wa karne zile angeziona angekimbilia kanisani.

Basi nikatoa akala, zile ndara za matairi ulizonitengenezea. Anke alizipenda sana, akasema zinaonekana za kale kuliko vitu vyote kambini. Sasa ilibaki kuzijaribu kwa sauti, na kwa hilo nilikuwa na mtu wangu. Yuko mzee mmoja hapa, Bi Hilde, macho yake hayaoni sana lakini masikio yake yanasikia hadi maji yakichemka ghorofa ya chini. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi wenye sakafu ya mbao inayolalamika kwa kila hatua. Tulikubaliana: yeye akae kitini, afumbe macho, akinisikia ainue kidole. Nikaanza kutembea na akala zangu, pa, pa, pa. Sijafika hata dirisha la kwanza, kidole juu.

"Farasi amekuja," akasema.

Nilirudi chumbani nimechoka. Nikaziweka buti za binamu yake Anke mezani, nikazitazama kama unavyovitazama viatu vya mteja kabla hujasema neno. Nikajiuliza, Nyamweya angefanya nini? Angebadilisha soli, basi! Nikamwomba Anke ruhusa, akanipa bila kufikiri. Nilinunua kipande cha mpira mwembamba, ule unaopinda kama chapati. Nikakwaruza ile ngozi kwa msasa hadi ikawa na vinyweleo, nikapaka gundi pande zote mbili, nikangoja. Ulikuwa ukiniambia gundi isipokauka kwanza itakuaibisha mbele ya mteja, nami nilingoja hadi nikaanza kusinzia. Nikabandika, nikagongagonga juu ya sufuria iliyogeuzwa, kwa sababu chuma kama chako cha kugongea sina. Pembeni, pale mpira unapoonekana, nikapaka kiwi ya kahawia mara nyingi hadi ukafanana na ngozi. Vile vifungo vya chuma vilivyokuwa vikigongana nikavikata, nikaweka kamba za ngozi. Niambie kama nilikosea mahali.

Halafu nikazivaa buti hizo kila jioni nikipika, ili zijue mguu wangu.

Siku ya kujaribu, Bi Hilde alikaa, akafumba macho. Nikaanza kwa kuweka ukingo wa nje wa mguu chini, kisha kulaza unyayo wote polepole, nikifuata ukuta ambako mbao hazilii. Dirisha la kwanza, kidole hakijainuka. La pili, bado. Nikafika, nikasimama kando yake, nikasubiri. Yeye akaita kwa sauti kubwa, "Haya, anza basi!"

"Nimefika, Bi Hilde."

Alipiga yowe hadi wauguzi wakaja mbio. Akacheka hadi akakohoa. "Mtoto mbaya wewe! Nenda. Nenda ukawaibie kila kitu."

Sasa sikia hadithi yenyewe. Askari wa ngome ya mlimani walikuwa wamechukua kengele ya kijiji chetu cha wafumaji. Bila kengele kijiji si kijiji, ndivyo ilivyokuwa katika mchezo. Kazi yangu ilikuwa kuingia ngomeni na kuirudisha bila askari yeyote kunigusa. Siku ya Ijumaa nilizunguka tu na kuchunguza njia. Jumamosi nilikaa kando ya kijito na Biblia yangu, na hata askari waliopita hapo waliinamisha vichwa wakaendelea na safari. Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka kama ule wa kwetu juu ya chai, nikaingia kazini.

Kaka, nilitambaa! Majani yaliyolowa chini yangu, buti kimya kama paka. Nikavuka kijito, nikajificha chini ya magugu karibu na ukuta wa magogo. Kengele niliiona, imetundikwa kwenye mti uwanjani. Kati yangu na kengele alikuwapo askari mmoja tu, Jonas, jitu refu lenye ndevu, ambalo tangu Ijumaa lilikuwa likijifanya kufa kwa makelele hadi watu wanalipigia makofi. Yeye alivaa buti za kale kweli, soli ya ngozi tupu yenye vichwa vya misumari. Alishuka kijitoni kuchota maji. Hapo nikajua nafasi yangu ndiyo hiyo.

Nikainuka, nikapenya langoni hadi uwanjani. Nikamsikia akiteleza. Misumari ilikwaruza jiwe, kisha kishindo, kisha akaguna. Wenzake huko juu ukutani wakacheka. "Jonas anakufa tena!" mmoja akasema.

Mimi nilikuwa karibu na kengele kiasi cha kuona kutu yake. Lakini huko kuguna nakujua, kaka, nakusikia kazini. Mtu anayejifanya anapiga kelele nyingi. Anayeumia kweli anabana pumzi. Nikageuka nikamwona amekaa ndani ya maji, mguu umenasa kati ya mawe, unyayo umeelekea upande ambao unyayo hauelekei. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

Kuna neno moja ambalo mtu akilitaja kwa kelele, mchezo wote unasimama papo hapo. Nililitaja kwa kelele hadi koo likauma. Panga zikashuka. Watu wakanitazama kwa mshangao, maana hakuna aliyejua niko pale. Nikaingia majini.

"Usisogee. Usijaribu kusimama," nikamwambia.

Nikashikilia mguu usitikisike huku wenzake wakiondoa mawe, nikakata kamba za buti lake, tukamfunika kwa majoho ya askari wote. Mtu mmoja akakimbia kupiga simu. Tukingoja gari la wagonjwa, Jonas alikuwa akinishika mkono na meno yake yanagongana.

"Ulitoka wapi wewe?" akauliza.

"Nilikuwa pale kwenye magugu. Ulinipita mara kadhaa."

"Sikusikia chochote." Akatazama miguu yangu, huku akitetemeka vile. "Hivyo ni viatu gani?"

Ningemcheka, lakini machozi yalinilenga. Nikamwambia nimevibadilisha soli mwenyewe, nimejifunza kwa kaka yangu. Walipokuwa wakimpandisha garini alinivuta mkono akasema, "Usiache kengele yenu pale. Rudi uichukue, kama unaweza."

Gari likaondoka. Mwandaaji akauliza kama tuendelee au turudi nyumbani. Askari wenyewe ndio waliosema tuendelee, kwa kuwa Jonas ndiye aliyetaka. Lakini sasa maficho yangu yalijulikana. Wakaniambia nianze upya kutoka popote, nao wakajipanga kulizunguka lile boma wakicheka na kufungua macho.

Upande wa nyuma wa ngome ni mteremko mkali wa udongo mwekundu kama wetu, umejaa majani yaliyooza. Hawakuweka mlinzi pale kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameshindwa kusimama juu yake. Mimi nikautazama nikauona mteremko wa shamba letu siku ya mvua, na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Nikapanda kiubavu, nikikanyaga kwenye mizizi. Ule mpira ulishika, kaka! Ulishika hadi juu! Nikaruka magogo, nikavua kitambaa cha kichwani nikakizungusha kwenye ulimi wa kengele usilie, nikaishusha mtini. Mlinzi alikuwa karibu hivi, anakula mkate, amenipa mgongo.

Nilikuwa nimeshafika ukutani aliposema, "Eeh!"

Hapo sikunyata tena. Nilitelemka ule mteremko mbio kama tulivyokuwa tukitelemka kwenda mtoni, kengele kifuani, nyuma yangu mabuti ya askari yanaporomoka na wenye nayo. Nikawasikia wakianguka mmoja baada ya mwingine huku wakicheka na kulaani. Nikatokea uwandani, na kule kijijini Anke akaniona, akaanza kupiga mayowe. Sijui kama niligusa ardhi sehemu ya mwisho. Wakanibeba. Nikakivuta kile kitambaa na kuipiga ile kengele hadi masikio yakaziba.

Jioni hiyo tulimpigia Jonas simu hospitalini. Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini umewekwa vizuri na atatembea. Akataka kusikia kengele. Tukaipiga mbele ya simu, naye, mtu wa upande ulioshindwa, akashangilia hadi muuguzi akamkaripia. Sauti ya muuguzi tuliisikia wote.

Juzi nilipita sokoni hapa mjini kununua viazi. Mtu akaita, "Kemunto!" Nilidhani nimesikia vibaya, maana hakuna aliyewahi kuniita jina barabarani katika mji huu. Ni muuza mikate, yule mlinzi aliyekuwa ananipa mgongo. Akatoka nyuma ya meza yake, unga mikononi, akaanza kuwasimulia wateja waliopanga foleni jinsi nilivyomwibia kengele. Kisha mwanamke mmoja kwenye foleni akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Nyamira, akataka nitamke tena ili naye aseme vizuri. Nilichelewa kufika nyumbani kwa sababu ya mazungumzo. Tafadhali, kati ya yote haya, mweleze mama hili la sokoni kwanza.

Nisalimie mama sana, umwambie Sabato yangu iko salama. Nisalimie wifi yangu, na mwanenu mchanga ambaye bado sijambeba. Msalimie mjomba anayechonga mawe Tabaka, na shangazi wa Mosocho anayeuza ndizi. Mweleze kwamba huku ndizi zipo lakini hazina ladha. Majirani zako wa kibandani pia, wote.

Mungu awatunze hapo mlipo, kama anavyonitunza mimi hapa.

Ni mimi dadako akupendaye,
Kemunto