Picha Iliyokosa Njia ya Kurudi

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Huku Mabawe tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza ufanyeje seva isipokujibu. Ujanani nilikuwa fundi wa mtandao katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Siku moja mama mmoja alisubiri ofisini kwetu picha ya mtoto aliyeokotwa Biharamulo. Huenda alikuwa wake, aliyempotea njiani. Tuliiomba kwa kompyuta, seva ikawa kimya. Wenzangu wakasema mitambo imekufa.

Nilihakikisha kila waya umekaa kwenye tundu lake, kisha nikaifuata njia kituo kwa kituo. Vyote viliitika isipokuwa seva ya mwisho, ile ya Biharamulo yenye picha. Nikamwita fundi wa Biharamulo kwa redio.

“Maombi yenu yananifikia,” akasema, “na ninajibu!”

Hapo nikaelewa. “Seva yako haijui njia ya kurudi huku. Iandikie njia hiyo!”

Akaiandikia. Picha ikaanza kushuka taratibu: nywele, paji la uso, macho.

“Ni umwana wanje!” mama akapaza sauti kwa Kirundi. Mwanangu! Ofisi nzima ikalipuka vigelegele.

Tangu siku ile, nikikutana na ukimya sisemi sijasikika. Huenda nimejibiwa zamani, ila jibu linatafuta njia.

Akupendaye,
Bibi